Subira ya Mswada: Juu ya Kurudia Riwaya Bila Kukata Tamaa

I. Utangulizi

Msomaji afunguapo riwaya huona kazi iliyokwisha. Kurasa zimepigwa chapa, sura zimepangwa, na wahusika wanatembea kana kwamba walizaliwa hivyo walivyo. Haoni karatasi zilizochanwa, wala sura iliyoandikwa mara nne, wala miezi ambayo mswada ulilala chini ya kitanda kwa sababu mwenyewe hakuwa na moyo wa kuutazama. Historia ya fasihi, kama tunavyoifundisha katika shule zetu, nayo hutaja jina la mwandishi, jina la kitabu na mwaka wa kuchapishwa. Kipindi kirefu kilicho baina ya mswada wa kwanza na kitabu hupitwa kimya.

Katika makala haya tunakusudia kukitazama kipindi hicho. Swali letu ni hili: mwandishi aliyekwisha maliza mswada wa kwanza wa riwaya, na ambaye sasa anapaswa kuurudia tangu mwanzo hadi mwisho, hutegemezwa na nini hata asiuache? Swali hili si dogo. Wapo vijana wenye kipawa ambao riwaya zao hazikufa kwa kukosa fikra wala kwa kukosa lugha, bali zilifia njiani, kati ya kuandika na kuandika upya. Kila mswada unaokufa hivyo ni kitabu ambacho wanafunzi wetu hawatakisoma, na ni sehemu ya maisha yetu ambayo haitasimuliwa na mtu mwingine yeyote.

Jibu tutalisema mapema, kisha tutalithibitisha. Historia inaonyesha kwamba shauku huanzisha kazi lakini haiimalizi. Mwenye kumaliza husaidiwa na mambo matatu: utaratibu unaogawa mzigo, mwenzi wa kumsomea, na kumjua yule anayeandikiwa. Palipokosekana yote matatu, hata kipawa kikubwa hakikufika mbali.

II. Desturi ya washairi wa kale

Kusahihisha maandishi si jambo geni kwa Waswahili. Mswada wa Utenzi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, ni wa mwaka 1728, na kabla yake na baada yake watu wa Pate, Lamu, Mombasa na Unguja waliandika, wakanakili na kusahihishana. Katika tenzi nyingi mshairi hufungua kwa kuagiza karatasi, wino na kalamu, na hufunga kwa kuwaomba wasomaji wamwie radhi na kumtengenezea alipokosea. Wengine huiona desturi hiyo kuwa ni adabu tu. Sisi twaona kwamba ndani yake mna fikra nzito: mtunzi anakiri mbele ya watu kwamba kazi yake inaweza kutengenezwa zaidi, na kwamba haoni fedheha kusaidiwa.

Walikuwapo pia wanakili, watu wa mwandiko mzuri na maarifa mengi, kama Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Kwa mikono ya watu kama hao tenzi nyingi zimetufikia. Mnakili alisoma kila neno kwa sababu alipaswa kuliandika tena, na mwenye kuandika neno kwa mara ya pili hulipima kuliko mwenye kulisoma kwa macho tu.

Hata hivyo, mshairi ana msaada ambao mwandishi wa riwaya hana. Ubeti ukipungukiwa na mizani, sikio hushtuka. Kina kikikosewa, hadhira hutambua papo hapo. Shairi lenyewe hupiga kelele mahali linapoumia. Riwaya haina kengele ya namna hiyo. Sura ya tatu inaweza kuwa imepinda, na mwandishi asijue hadi afike sura ya kumi na mbili, ambapo mambo hayakubali tena kuungana. Tena shairi husomwa barazani siku lilipotungwa, na mtunzi akapata sifa au lawama kabla ya kulala. Riwaya hukaa na mwenyewe mwaka mzima au zaidi pasipo mtu kusema neno. Hapo ndipo uchovu unapoanzia. Sanaa hii ilipoingia kwetu katika karne ya ishirini, ilidai subira ya aina mpya.

III. Mtumishi wa serikali na miswada yake

Nathari ya Kiswahili ilipata nguvu polepole. Gazeti la Mambo Leo lilianza mwaka 1923 na likawa uwanja wa waandishi wengi. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ili kusanifisha Kiswahili na kuangalia vitabu vilivyotakiwa shuleni. Mwaka 1934 kikatoka kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa. Lakini mtu ambaye maisha yake yanatufundisha zaidi juu ya jambo letu ni Shaaban Robert.

Alizaliwa mwaka 1909 huko Vibambani, karibu na Tanga. Tangu mwaka 1926 alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni: alianza katika forodha, na baadaye alifanya kazi katika ofisi ya wilaya ya Tanga na katika idara ya upimaji wa ardhi. Hakuwa na chuo kilichomlipa ili aandike. Aliandika katika saa zilizobaki baada ya kazi ya ofisi, na kila mtumishi ajuaye uzito wa mafaili hadi jioni anaelewa maana ya saa hizo.

Tazama sasa historia ya miswada yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo elfu tatu. Ukatoka kitabu mwaka 1967. Kufikirika aliiandika mwaka 1946. Nayo ikachapishwa mwaka 1967. Yeye alikuwa amekwisha fariki mwaka 1962. Kwa hiyo Kufikirika ilingoja miaka ishirini na mmoja, na mwenyewe hakuiona ikiwa kitabu. Katika siku zile wachapishaji walikuwa mbali na wachache. Pambo la Lugha ilitolewa na chuo kikuu cha Witwatersrand huko Johannesburg. Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, ilitolewa na kampuni ya Nelson ya Uingereza. Mtu wa Tanga alitia mswada wake katika posta akangoja jibu kutoka ng'ambo.

Angeweza kukaa na kunung'unika. Lakini miaka ya vitabu vyake yasema vingine. Kufikirika ikiwa bado mswada, yalitoka Maisha Yangu mwaka 1949, Kusadikika mwaka 1951, Adili na Nduguze mwaka 1952, na Wasifu wa Siti binti Saad mwaka 1958. Yaani hakuufanya mswada mmoja kuwa kamba pekee ya kulitundika tumaini lake. Wakati kazi moja ilipokuwa safarini au mikononi mwa wengine, nyingine ilikuwa mezani. Hili ni somo la kwanza: mwenye kungoja awe na jambo la kufanya, maana kungoja mikono mitupu ndiko kunakovunja moyo.

Katika kazi hiyo hakuwa peke yake. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958 zilihifadhiwa, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikazitoa kitabu mwaka 2002, chini ya uhariri wa Profesa Mulokozi. Kwamba mtu aliandikiana na ndugu yake kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano ni ushahidi tosha kwamba hata mwandishi mkubwa huhitaji sikio moja la kuaminika.

IV. Ukali wa rafiki

Juu ya thamani ya sikio hilo upo mfano mashuhuri katika historia ya riwaya ya Ulaya, nao tunauleta hapa kwa sababu miswada na barua za mwandishi mwenyewe zimehifadhiwa, na hivyo twaweza kuifuata kazi hatua kwa hatua. Huyo ni Gustave Flaubert wa Ufaransa, aliyeishi Croisset, kijiji kando ya mto Seine karibu na mji wa Rouen.

Mwaka 1849 Flaubert alimaliza kitabu juu ya majaribu ya Mtakatifu Antoni, akawaita rafiki zake wawili, Louis Bouilhet na Maxime Du Camp, akawasomea kwa sauti siku nne mfululizo. Alipomaliza, walimwambia waziwazi kwamba afadhali autie mswada ule motoni. Twaweza kukisia maumivu yake. Lakini mambo mawili yalifuata. Kwanza, hakuuchoma. Aliuweka, akaurudia mwaka 1856, akauweka tena, na hatimaye akautoa mwaka 1874, miaka ishirini na mitano baada ya hukumu ile. Pili, hakuachana na rafiki aliyemhukumu. Alipoanza Madame Bovary mnamo Septemba 1851, ni Bouilhet yule yule aliyekuja Croisset siku za Jumapili kusikiliza kurasa za juma hilo na kuzikosoa.

Kazi ile ilichukua karibu miaka mitano, hadi mwaka 1856. Kurasa za miswada yake zilizohifadhiwa Rouen zinazidi elfu nne, ilhali kitabu chenyewe ni cha kurasa mia chache tu. Katika barua zake Flaubert alilalamika mara kwa mara kwamba juma zima limempa ukurasa mmoja au miwili, na kwamba amechoka. Ni muhimu wanafunzi wajue jambo hili: uchovu haukuwa dalili kwamba kazi ni mbaya wala kwamba mwandishi hana kipawa. Uchovu ulikuwa sehemu ya kazi. Kilichomvusha si furaha ya kila siku, bali mambo mawili ya kawaida kabisa: kila usiku aliketi mezani, na kila Jumapili alijua kuna mtu atakayekuja kusikiliza. Ahadi ya Jumapili ilifanya juma lisipotee. Wahenga wetu walikwisha sema kwamba kinyozi hajinyoi. Flaubert alikuwa na kinyozi wake.

Yafaa tuseme pia kwamba Flaubert alikuwa na mali ya urithi na hakuhitaji mshahara. Si kila mtu ana usiku mzima wa kuandika. Lakini Jumapili ya Bouilhet haikununuliwa kwa fedha. Hiyo yaweza kupatikana Songea, Kigoma au Pemba kama ilivyopatikana Croisset.

V. Karatasi za Kamiti

Mfano wa tatu uko karibu nasi. Tarehe 31 Desemba 1977 serikali ya Kenya ilimkamata Ngũgĩ wa Thiong'o, baada ya tamthilia ya Kigikuyu aliyoitunga pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kuchezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Alifungwa bila kushtakiwa katika gereza la Kamiti hadi Desemba 1978. Humo gerezani aliamua kuandika riwaya kwa lugha ya mama yake, na kwa kuwa alinyimwa karatasi za kuandikia alitumia karatasi za chooni, ambazo kwa ugumu wake zilifaa kalamu kuliko zilivyofaa kazi yake.

Siku moja askari walipekua chumba chake wakachukua mswada. Mwandishi yeyote aliyepoteza hata kurasa kumi anajua kishindo cha jambo hilo. Baada ya muda mswada ulirudishwa, naye akaendelea. Riwaya ilitoka mwaka 1980 kwa jina la Caitaani Mũtharaba-Inĩ, na mwaka 1982 ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Shetani Msalabani. Wasomaji wa Kigikuyu waliisoma kwa sauti majumbani, ndani ya mabasi na katika vilabu vya pombe, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza.

Nini kilichomtegemeza? Hakuwa na Jumapili ya rafiki, wala hakika ya kutoka. Alikuwa na jambo moja: aliwajua watu aliowaandikia. Aliwaona wakicheza tamthilia, akawasikia wakimsahihisha lugha katika mazoezi. Ngũgĩ aliyefariki mwaka 2025 aliacha vitabu vingi, lakini kwa mtu anayehangaika na mswada wake, karatasi zile za Kamiti zina neno la pekee. Msomaji asiye na sura ni vigumu kumtumikia. Mwandishi anayejua kwamba anamwandikia shangazi yake aliyeishia darasa la saba, au vijana wa bandarini aliokua nao, ana sababu ya kulirudia fungu lisiloeleweka hata pale ambapo yeye mwenyewe amelichoka.

VI. Kwa nini moyo huvunjika, na dawa yake

Tukitoka katika historia na kuingia katika kazi yenyewe, twaona kwamba moyo huvunjika kwa sababu zinazoweza kutajwa. Mswada wa kwanza una furaha ya kugundua: mwandishi hajui kesho mhusika wake atafanya nini. Katika kuurudia, furaha hiyo imekwisha. Inabaki kuhukumu, na anayehukumiwa ni mwandishi mwenyewe. Aidha, macho huzoea. Sentensi iliyosomwa mara ishirini haionekani tena, iwe nzuri au mbaya. Na juu ya yote, riwaya ni mzigo mkubwa mno kwa mkono mmoja. Mwenye kuitazama yote kwa pamoja kila jioni hushindwa kabla hajagusa kalamu.

Mwanamke wa pwani ashonapo mkeka hatuambii kwamba anashona mkeka mzima leo. Husuka ukili kwanza, pima kwa pima, na baadaye huuzungusha na kuuunga. Akiona ukili una kasoro, huufumua pale penye kasoro, hafumui wote. Mwandishi naye agawe kazi yake. Safari ya kwanza atazame muundo peke yake: matukio yanafuatana kwa sababu, sura ipi haina kazi, mwisho umeandaliwa au umeanguka kutoka mbinguni. Safari ya pili atazame wahusika na mazungumzo yao. Safari ya tatu atazame lugha. Tahajia na nukta ziwe za mwisho. Wengi huanza kinyumenyume: hung'arisha sentensi za sura ya kwanza kwa miezi mitatu, kisha hugundua kwamba sura hiyo yapasa kuondolewa, na kwa uchungu wa miezi mitatu wanaiacha ilivyo au wanaacha riwaya yote.

Jambo la pili ni kuulaza mswada. Ukimalizika, uwekwe kando kwa majuma kadhaa, na mwandishi afanye kazi nyingine, atunge mashairi au asome. Atakaporudi ataona kwa macho ya mgeni. Lakini siku ya kuufungua tena iwekwe na iandikwe, kwa maana mswada uliolazwa bila siku ya kuamshwa aghalabu hauamki.

Tatu, kiasi cha kazi ya siku kiwe kidogo na cha hakika. Kurasa mbili kila jioni ni riwaya ya kurasa mia mbili kwa siku mia moja. Bandu bandu huisha gogo. Mwenye kujiapiza kurasa ishirini kwa siku atatimiza siku mbili, na siku ya tatu ataona aibu na kukimbia. Tena mwandishi akumbuke kuhesabu alichokwisha fanya, wala si kile kilichobaki tu. Daftari dogo la tarehe na kurasa lina nguvu ya ajabu siku ya majonzi.

Nne, asome kwa sauti. Tulisema kwamba riwaya haina mizani wala vina vya kuikosoa. Sikio laweza kuwa badala yake. Fungu linalomkwamisha msomaji pumzi lina kasoro, hata kama jicho limeliruka mara kumi.

Tano, ampate msikilizaji mmoja mkweli. Wanaosifu kila kitu hawamsaidii, na wanaokejeli kila kitu wanamuua. Atafutwe mtu awezaye kusema, "Hapa nilichoka," au "Huyu simwamini," kisha aache mwandishi mwenyewe atafute dawa.

VII. Wajibu wa shule

Tunapenda kuwageukia walimu, kwa kuwa tabia hii hujengwa au hubomolewa darasani. Aghalabu mwanafunzi huandika insha, mwalimu huisahihisha kwa wino mwekundu, alama hutolewa, na insha hufungwa milele. Kwa njia hiyo mtoto hujifunza kwamba kuandika ni tendo la mara moja na kwamba kusahihishwa ni mwisho wa kazi. Akiwa mtu mzima na kuambiwa na mhariri kwamba riwaya yake yataka kurudiwa, anasikia kana kwamba amepewa alama mbaya katika mtihani.

Ingefaa walau insha moja katika kila muhula irudiwe mara mbili au tatu, na alama itolewe kwa hatua iliyopigwa kati ya mswada wa kwanza na wa mwisho. Madarasa ni makubwa na madaftari ni mengi, twajua. Lakini wanafunzi wanaweza kusomeana wawili wawili, na kila mmoja akawa Bouilhet wa mwenzake. Shule yenye desturi hiyo itakuwa imetoa mafunzo ya uandishi pasipo kununua hata kitabu kimoja.

Taifa nalo lina nafasi yake. Mashindano ya kuandika hadithi yamewahi kuzaa matunda makubwa: Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda katika shindano la mwaka 1957 hadi 1958 la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, ikatoka kitabu mwaka 1960, na kwayo riwaya ya upelelezi ikapata msingi imara katika Kiswahili. Katika wakati wetu, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza kutolewa mwaka 2023. Ni jambo la kushukuriwa. Ila tuzo humfikia yule aliyekwisha fika. Kwa aliye njiani, mwenye mswada uliojaa mistari ya kukata na mishale ya pambizoni, zinahitajika baraza za kusomeana katika wilaya, maktaba zenye chumba cha utulivu, na wahariri wanaojibu barua hata pale wanapokataa kazi.

VIII. Hitimisho

Tumemwona mtumishi wa Tanga aliyengoja bila kukaa bure, Mfaransa aliyeokolewa na Jumapili zake, na mfungwa aliyeandika kwa ajili ya watu aliowajua kwa sura. Nchi zao, mali zao na nyakati zao hazilingani. Kinacholingana ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyemaliza kwa kutegemea furaha ya kuanza. Wala kurudia mswada si adhabu ya mtu asiye na kipawa. Ndiyo kazi yenyewe, na mswada wa kwanza ulikuwa maandalizi yake.

Kwa hiyo, kijana mwenye mswada uliolala, autoe. Achague sura moja, aweke saa yake, amwite mwenzi wake, na amkumbuke msomaji wake. Jioni ya leo kurasa mbili zinatosha.